Wimbo wa Majina

"Si sauti yako hii? Hebu rudia hapa mbele yangu, kwa mdomo wako mwenyewe, nikusikie!"

Mama Muzammil alikuwa amesimama barazani kwa Sihaba, kanga moja kiunoni, ya pili imemteleza begani bila yeye kujua, simu ameinyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao. Simu ilikuwa ikitoa ngoma za kompyuta, zile za mbio mbio zinazomfanya hata mgonjwa atikise mguu, na juu ya ngoma Sihaba mwenyewe alisikika akipaza sauti: *Yupo Abuu wa Kirikuu na Naila wake, Kaole!*

"Mama Muzammil, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wanasikia? Wewe umeniimba mpaka Zinga, leo unaniambia mimi watu wanasikia! Naila wake ndiye nani?"

"Simjui. Wallahi simjui hata sura."

"Humjui, umemtangaza."

Ng'ambo ya njia mwanamke mmoja alikuwa akifagia uwanja. Alikuwa kwenye sehemu ileile tangu ugomvi ulipoanza, na sasa alikuwa anachimba.

"Kirikuu inalala hapa kila siku ya Mungu," Mama Muzammil aliendelea, akionyesha kwa kidevu kile kigari kidogo cha mizigo kilichoegeshwa ubavuni mwa nyumba yake, bado kina majani ya mananasi nyuma. "Hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwako. Hukuiona?"

"Kirikuu Bagamoyo nzima ziko ngapi, dada yangu?"

"Na akina Abuu wenye kirikuu wako wangapi?"

Jibu la kweli la Sihaba lilikuwa na aibu kuliko uongo wowote. Miaka kumi na tisa amekaa ukuta mmoja na yule mwanamume. Amekula mananasi yake ya Kiwangwa, amempa pole ya misiba, amemwita Baba Muzammil asubuhi na jioni, na siku zote hizo hakuwahi kujiuliza mama yake alimpa jina gani. Nani hujiuliza? Mtaani kwao Dunda mtu akishazaa, jina lake huwekwa kabatini. Linatoka siku ya kuozesha na siku ya kuzikwa.

"Nataka uutoe huo wimbo," Mama Muzammil alisema, na sasa sauti ilikuwa chini, jambo lililomtisha Sihaba zaidi. "Ijumaa kuna shughuli kwa kina Abdulwahab. Nimealikwa, nimeshonesha. Na watakachopiga ni hicho hicho. Siendi kukaa kwenye jamvi watu wananitazama usoni kila ukifika pale kwa Naila. Uutoe, Sihaba. Ama tusijuane."

Akazima simu, akaokota kanga yake, akaenda. Mwanamke wa ng'ambo naye akakumbuka kwamba uwanja wake una pembe nyingine.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya Jumanne, na Sihaba alihisi kama siku nzima imeshapita.

Si ugomvi tu uliomchosha. Ni miaka tisa. Mdogo wake, Mrisho, anatengeneza singeli ya kompyuta chumbani, peke yake, na kazi yake inaishia pale anapotoa visikizio masikioni. Kuanzia hapo ni Sihaba. Yeye ndiye anayebeba flashi kwenye pochi kama wenzake wanavyobeba dawa za presha. Ndiye anayewapelekea bodaboda wa stendi wimbo mpya na soda mkononi ili wautie kwenye spika zao, anayewabembeleza madijei wa shughuli, anayekaa kwenye magrupu ya Watsapu ya watu asiowajua na kuandika "jamani tusapoti cha nyumbani" mpaka anatolewa. Hakuna kampuni nyuma yao, hakuna mdhamini. Kuna miguu ya Sihaba, na miguu hiyo sasa ina umri wa miaka arobaini na mitatu na inavimba.

Ili wimbo utoke, huuza majina. Ndivyo wanavyofanya wenzao wote wa hali yao: unatoa elfu tano, jina lako linapaziwa sauti katikati ya ngoma, na ukiwa kwenye shughuli ukajisikia umetajwa, unanyanyuka, unashika kiuno, watu wanapiga vigelegele. Mrisho hakuwa na wa kuyapaza majina, kwa hiyo Sihaba aliyapaza mwenyewe. Safari hii yalikuwa ishirini na matatu. Mama Muzammil alitoa yake mkono kwa mkono: *Baba Muzammil na Mama Muzammil, Dunda, hawaachani!* Lile "hawaachani" aliliomba mwenyewe. Na la Kaole lilikuja kwa simu, sauti ya mwanamke yenye haya, hela imetangulia. Sihaba alilisoma siku ile kuelekea mwisho wa karatasi, koo limekauka, mgongo unauma, anataka amalize akalale. Kati ya jina moja na lile la pili mna majina matano tu. Mtu yule yule, ndoa mbili, dakika moja.

Na balaa lenyewe, wimbo ulikuwa umekubali.

Wimbo wao uliotangulia ulisikilizwa mtandaoni mara mia sita, na Mrisho alisema mia mbili kati ya hizo ni dada yake. Huu ulikuwa umefika elfu arobaini na saba. Hata jina waliloupa wenyewe watu walilisahau. Mitaani uliitwa Wimbo wa Majina. Kulikuwa na tamasha la muziki wa kompyuta mjini Dar, la watu wasio na kampuni kama wao, na waliotangaza walisema hivi: wimbo utakaopita elfu hamsini kufikia Alhamisi saa sita mchana, mwenyewe anapanda jukwaani na kazi zake zinauzwa pale mlangoni. Mrisho hajawahi kupiga mbele ya watu waliokuja kwa ajili yake. Sikuzote watu huwa wamekuja kwa ajili ya bibi harusi.

Alipomweleza habari za Mama Muzammil, Mrisho alivua kisikizio kimoja.

"Kwani si tukate jina tuupandishe upya?"

"Tukiupandisha upya hesabu inaanzia wapi?"

"Sifuri."

"Ehe."

Mrisho akatazama hesabu kwenye kioo cha kompyuta. Ni mtu wa maneno machache. Maneno ya nyumba ile yote alirithi dada yake. "Tusubiri Alhamisi ipite, basi. Halafu tukate."

"Na huku mitaani? Alhamisi mpaka Ijumaa ni kulala na kuamka."

Akajifunga baibui akatoka. Alianzia kwa Harish, barabara ya sokoni, mwenye duka la simu na chaja, ambaye wateja huacha simu zao kwake zitiwe nyimbo kwenye memori kadi. Harish alimsikiliza huku akibandika kioo cha simu ya mtu, ulimi nje kwa umakini.

"Kwenye kompyuta yangu naufuta sasa hivi, kwa heshima yako, dada Sihaba. Lakini nimeshawatilia watu zaidi ya mia mbili. Utawafuata majumbani?"

"Nawafuata vipi, Harish."

"Na mimi jina langu limo. Yupo Harish wa Chaja! Watu wanaingia dukani wananiita hivyo. Mama yangu Hansa, mtu wa bhajan, nyimbo zetu za dini, asubuhi na jioni, jana nimemkuta jikoni anatikisa kichwa." Akaguna. "Huyo Mama Muzammil ana haki yake. Lakini nani alilipia hilo jina la Kaole? Umemuuliza? Na yeye ni mteja."

Hakuwa amemuuliza. Njiani kurudi nyumbani, kwenye jua, Sihaba alimkasirikia Harish kwa kusema jambo la maana.

Kwa hiyo Jumatano akapanda bodaboda mpaka Kaole. Dereva alikuwa anaupiga wimbo, na alipogundua amembeba nani akaongeza sauti kwa heshima. Sihaba akasikia majina yote ishirini na matatu akiwa amefumba macho.

Naila hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa amekaa kibarazani nyuma ya cherehani, anashona sare za shule, mwanamke mnene kiasi, wa miaka thelathini na kitu, miwani imemshuka puani. Sihaba aliposema tu "Hodi, asalaam alaykum," yule mwanamke akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Waalaykum salaam. Wewe ndiye ile sauti!"

"Ndiyo mimi, mdogo wangu."

"Karibu, dada, karibu kiti. Ya Rabi, mwenye sauti amekuja kwangu!" Akafurahi kweli, akafuta kiti kwa upindo wa dera, na Sihaba akajiona mwizi.

Akamweleza yote. Naila hakulia wala hakupandisha sauti. Alichukua mkasi akawa anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye kola, moja moja.

"Mkewe mkubwa namjua," alisema mwishowe. "Nimemwona sokoni mara mbili tatu. Nikapita kando. Mimi nimeolewa, dada, usije ukafikiri vingine. Shehe alikuwepo, mashahidi wawili, mmoja kahamia Tanga. Lakini miaka minne hii mwanamume anaingia hapa adhuhuri anatoka alasiri kama fundi bomba. Mtu akiuliza, niseme ameleta mananasi. Mananasi, miaka minne! Majirani wamekwisha choka kunionea huruma, sasa wananitania. 'Naila, leo umenunua mangapi?'"

"Pole."

"Nilipopata habari kwamba unauza majina, sikulala. Mimi hata huo muziki wenyewe siupendi, unisamehe, unaniumiza kichwa. Sikulipia kucheza. Nililipia nisemwe mbele ya watu. Mara moja tu, jina langu na lake, kwa sauti kubwa." Akaweka mkasi chini. "Sasa wewe umekuja kunitoa."

"Nimekuja kukuuliza."

"Basi nakujibu. Ukitoa langu, toa na la mwenzangu. Maana mume ni mmoja na hela tulizotoa ni sawa. Ukiacha la kwake ukafuta langu, utakuwa umeamua wewe nani mke na nani si mke, na hiyo si kazi ya mwuza nyimbo."

Sihaba akaomba maji, akanywa, akaaga. Naila alimsindikiza mpaka barabarani na kumshukuru kwa kuja, na hilo nalo lilimwelemea.

Hakupanda bodaboda kurudi. Alitembea kipande kirefu, viatu mkononi pale penye mchanga, akizungusha jambo kichwani. Akikata la Naila, amemhukumu Naila. Akiyakata yote mawili, Mama Muzammil atasema amefutwa kwenye ndoa yake mwenyewe na mwimba singeli. Akiyaacha, Ijumaa jirani yake atakaa kwenye jamvi na kutazamwa. Na huyo aliyeyasababisha yote alikuwa amekimbilia kwa dada yake Kiwangwa tangu Jumanne jioni, kwa kupanda basi, kirikuu ameiacha pale pale mlangoni kama ushahidi.

Alipofika nyumbani Mrisho alikuwa na nambari tayari.

"Elfu arobaini na nane mia tisa. Imebaki elfu moja na kidogo, dada. Kwa mwendo huu usiku wa leo inapita."

Sihaba akakaa kitandani kwake, akanyoosha miguu, akaitazama. Ilikuwa imevimba mpaka mistari ya viatu ilibaki imechorwa.

"Ukiufungia usionekane, hesabu inabaki?"

"Inabaki. Ila hauhesabu tena. Na hao wa Dar wakienda kuutazama hawaukuti."

"Najua."

"Hiyo Alhamisi yao ni kesho."

"Mrisho, najua. Lakini kila saa unapokaa huko watu wanaushusha kwenye simu zao, na Ijumaa iko mlangoni."

Nje muuza maandazi alipita akipiga kelele zake. Mrisho alikuwa na miaka thelathini na moja, na miezi mitatu ya huo wimbo alikuwa akilala kwa saa nne tu kila usiku. Hata ile sauti ya kinu iliyomo ndani yake aliirekodi mara arobaini mpaka ikamridhisha. Sihaba alingoja akasirike. Angekasirika ingekuwa nafuu, wangegombana, Sihaba angelia, labda angeshindwa. Lakini Mrisho alichomoa simu kwenye chaja, akaifungua pale panapotakiwa, akampa.

"Mimi natengeneza," alisema. "Kuuza ni kazi yako, tangu zamani. Na kutokuuza pia."

Sihaba akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

Alhamisi, saa sita na nusu mchana, ujumbe ulikuja kutoka Dar, wa adabu kabisa: wameshindwa kuupata wimbo, nafasi imekwenda kwa mwingine, wanawatakia heri msimu ujao. Sihaba aliusoma kwa sauti. Mrisho akauliza kama umeme utakatika leo. Sihaba akasema hajui. Mrisho akavaa visikizio vyake.

Basi Sihaba akaona amalize lililobaki. Akaenda kumwambia Mama Muzammil.

Alimkuta uani, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi kwa nguvu zaidi ya zile nazi inazohitaji.

"Hodi. Nimekuja kukwambia nimeutoa."

"Nimesikia."

"Umesikia kwa nani tena?"

"Kwa nani? Uliza ni nani hajaniambia! Tangu asubuhi wamekuja watatu hapa, mmoja na mtoto mgongoni. 'Mama Muzammil, mbona ule wimbo umetolewa? Kuna nini?' Ulipokuwepo walikuwa wanashuku, Sihaba. Ulivyoutoa, sasa wana hakika."

Sihaba aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakusubiri kuambiwa karibu. Akahisi kicheko kinampanda, kibaya, kisicho na furaha, akakimeza kikatoka puani.

"Unacheka?"

"Sicheki, dada. Nimechoka."

Mama Muzammil aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Akakitupa, akachukua kingine, akakishika tu.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mzuri?"

"Mnene kidogo. Ana miwani. Anashona sare."

"Anashona." Akalitafakari neno hilo kana kwamba alikuwa amejiandaa kwa kitu kibaya zaidi. "Ana watoto?"

"Sikuona."

"Anasemaje?"

"Anasema majina yenu yakae yote au yatoke yote. Ndiyo maana nikautoa mzima."

"Mzima!" Mama Muzammil akaguna, na katika mguno ule Sihaba alisikia kitu ambacho hakukitarajia, kama heshima ndogo ya shingo upande. "Unajua huyu mwanamume aliniambia nini Jumanne? Aliniambia ni Abuu mwingine. Nikamwuliza, Abuu mwingine mwenye kirikuu? Akasema ehe. Nikamwuliza, anayekwenda Kaole adhuhuri? Akasema inawezekana. Inawezekana! Miaka ishirini na miwili ya ndoa, Sihaba, na hana hata uongo wa kunitosha. Nilikuwa nataka aniongopee vizuri. Ningejilazimisha."

"Pole, dada."

"Pole haishi." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Na lile la Mrisho la Dar? Si lilikuwa wiki hii? Mlilitangaza mpaka kwa muuza mkaa."

"Limepita."

"Limepita limefika, au limepita limewapita?"

"Limetupita."

Mama Muzammil akageuka juu ya mbuzi, kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri, kuanzia mtandio uliokwenda upande mpaka miguuni, macho yakakaa hapo miguuni kitambo.

"Mbona Jumanne hukunieleza?"

"Ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza."

Kwenye jiko la mkaa sufuria ilikuwa imeanza kutoa harufu ya wali, na pembeni changu wawili wakubwa walikuwa wamekwisha kaangwa, wamefunikwa sahani. Chakula cha watu wengi, kwa nyumba ambayo mtoto wake yuko chuoni Morogoro na mwenyewe yuko Kiwangwa.

"Kesho kwa kina Abdulwahab utakwenda?" Sihaba aliuliza.

"Nitakwenda. Nguo nimeshonesha. Nikikaa nyumbani ndio watakula wali wao kwa kitoweo changu." Akanyanyuka, akashika kiuno, mgongo ukalia. Akachungulia sufuria, akatikisa kichwa. "Tazama nilivyopika. Kilo nzima. Mkono umezoea, hauulizi nani yupo."

Sihaba naye akajitahidi kunyanyuka, akasema ngoja arudi kwake, kuna nguo juani, kuna Mrisho.

"Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Lini?"

Sihaba akafikiri. "Asubuhi. Au jana."

Mama Muzammil alikwisha kukunja mkeka kwapani na kushika sahani ya samaki kwa mkono wa pili. Akasukuma mlango wa ndani kwa nyonga.

"Mpigie Mrisho simu, mwambie avue hayo madude masikioni aje. Na wewe nawa mikono hapo kwenye ndoo uliyokuwa umeikalia, uingie ule, wali unapoa."